Jina la Juu kwenye Fomu

Fomu niliijaza mimi. Kosa lilikuwa langu, ingawa katika klabu yetu hakuna aliyeliona kuwa kosa mpaka Jumamosi ile asubuhi, tulipofika kwenye meza ya usajili na kuulizwa dereva wetu yuko wapi.

Klabu yetu ni ya watu kumi na wawili wenye magari ya Kijapani ya zamani, karibu wote Wazanzibari na Wakenya. Hukutana kila Jumapili kwenye maegesho nyuma ya maghorofa ya Thamesmead, huku ughaibuni. Boneti hufunguliwa, chai humiminwa, na kila mtu huwa na la kusema juu ya injini ya mwenzake. Mimi sina gari. Niliingizwa kwa sababu nimesoma takwimu chuo kikuu, na wakubwa wanaamini kwamba aliyesoma takwimu ndiye wa kujaza fomu. Sikukataa. Nilikuwa nimeacha kazi ya pili ndani ya miaka miwili, na nilikuwa na Jumapili nyingi za kuwauliza watu wazima maswali wasiyoyapenda. Kwa nini mtu mwenye akili zake atumie miaka minne kufufua pikapu iliyomzidi umri mke wake? Kwa nini tuchome petroli kwenda kutazama watu wakichoma petroli?

"Kwa sababu gofu hatuijui," fundi alinijibu siku moja kutoka chini ya pikapu hiyo. "Nipe spana ya kumi na tatu, wacha falsafa."

Fundi ni mtu wa Mombasa, anatengeneza mabasi ya jiji, na ndiye mwenyekiti wetu. Pikapu ni yake. Aliikuta kwenye zizi la mkulima mmoja huko Kent, kuku wakitagia ndani yake, na sasa ina rangi ya maziwa na injini ambayo hakuna mtu mwingine anayeruhusiwa kuigusa. Kila kiangazi huwa kuna tamasha la magari ya mitaani kwenye uwanja wa zamani wa ndege za kijeshi, mwendo wa saa moja na nusu kutoka kwetu. Watu huleta magari waliyoyaunda kwa mikono yao, wanayapanga kwenye nyasi yatazamwe, halafu wanayashindanisha mawili mawili kwenye njia iliyonyooka. Miaka mitatu mfululizo sisi tulipangwa nyuma ya vyoo. Mimi nilikuwa na nadharia yangu kuhusu sababu, na niliieleza kwa kirefu kwa yeyote aliyetaka kusikia. Mwaka huu nilipoandika barua pepe ya kulalamika nilijibiwa kwa upole kwamba tulipangwa nyuma ya vyoo kwa sababu kila mwaka tulijiandikisha wa mwisho. Basi tukajiandikisha wa kwanza.

Ndipo fundi akanisomea majina. "Anza na Bi Mkubwa," akasema, nami nikaanza na Bi Mkubwa.

Kwetu orodha yoyote huanza na mkubwa. Kadi ya harusi huanza hivyo, kamati ya maziko huanza hivyo, hata karatasi ya nani ataleta soda huanza hivyo. Ni heshima tu. Hakuna anayetarajia bibi aliyeandikwa wa kwanza abebe kreti. Mstari wa juu wa fomu uliandikwa "dereva", na iliyobaki "wasaidizi". Niliuona. Mimi ambaye naulizia kila kitu, mpaka baba yangu husema niliuliza maswali kabla ya kuota meno, hapo sikuuliza. Niliandika jina la shangazi yangu juu, nikamweka fundi wa pili, nikatuma.

Shangazi ndiye Bi Mkubwa mwenyewe. Ana miaka sitini na tisa, mzaliwa wa Wete, muuguzi mstaafu. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa akiwahudumia wagonjwa majumbani, kutoka Thamesmead hadi Plumstead na kurudi. Ni mwanachama wetu kwa sababu ya kigari chake chekundu cha milango mitatu, ambacho hajawahi kukiacha kilale na vumbi.

Kigari hicho kilikuwa kimezua ugomvi. Mwezi wa pili alikigonga kwenye nguzo ya maegesho ya duka kubwa, akakwaruza ubavu. Mwanawe wa pekee, binamu yangu, ambaye ni mfamasia na mtu wa tahadhari katika kila jambo, alianza kudai ufunguo. Aliudai kwa upole, kisha kwa hasira, kisha kwenye kundi la familia la simu mbele ya jamaa wa mabara matatu. Lazima niseme ukweli: ujumbe ule mrefu alioutuma, wenye hoja zilizopangwa vizuri kuhusu umri na macho na kasi ya kuitikia, niliuandika mimi. Aliniomba, na nilimuona ana haki. Shangazi aliusoma wote, akajibu kwa neno moja: "Nimeona." Tangu siku ile alikuwa akiendesha huku akijua anatazamwa kama mgonjwa.

Sasa tulikuwa kwenye meza ya usajili, na mwanamke mwenye fulana ya njano alikuwa akitueleza, kwa subira, kwamba bima ya madereva ilifungwa Jumatano. Gari moja, dereva mmoja, jina lililoandikwa. Hawezi kubadilisha. Tukitaka, pikapu inaweza kubaki kwenye nyasi itazamwe tu.

Fundi aliutazama mkono wake wa kulia kana kwamba alikuwa ameshaupangia kazi. Halafu akasema, "Basi itatazamwa. Si haba."

"Kwani leseni yangu imekwisha?" Shangazi aliuliza. Alikuwa nyuma yetu, ameshika kapu la mikate ya kumimina.

"Mama, tafadhali usianze," binamu akasema.

"Sijaanza. Nauliza. Gari ina gia nne?"

"Nne, Bi Mkubwa," fundi akajibu, "lakini klachi yake nzito kidogo."

"Mie nimejifunzia gari kwenye pikapu kama hiyo hiyo, ya idara ya afya, pale Wete. Klachi yake tulikuwa tunaikanyaga kwa miguu miwili."

Binamu akahamia Kiingereza, kama afanyavyo anapoona anashindwa. Alisema ni wazimu, alisema mashindano si maegesho ya duka, na kwamba hata kwenye maegesho ya duka mambo hayakwenda vizuri. Watu wa foleni ya nyuma walielewa kila neno. Shangazi alisubiri amalize, kisha akamjibu kwa Kiswahili, taratibu, kama mtu anayempa mgonjwa maelezo ya dawa.

"Sikiliza, mwanangu. Mpaka kesho jioni, nikifanya kosa moja tu pale, ufunguo wa gari yangu ni wako na sitouliza tena. Nisipofanya, hunitajii. Si wewe, si huyu." Aliponitaja mimi hakugeuka.

"Kosa gani?"

"Watakaoandika ni wao. Si mimi wala wewe."

Binamu alinitazama. Nilitaka kusema kwamba jaribio hilo halikuwa na maana, kwamba sekunde ishirini kwenye njia iliyonyooka haziwezi kukwambia lolote kuhusu mtu kuendesha kwenye mvua Woolwich saa kumi na moja jioni. Na bado naamini hivyo. Lakini nikasema, "Ni haki," kwa sababu nilijua wakati nikiandika ule ujumbe wa kundi la familia sikumuuliza mwenyewe hata swali moja.

Mashindano ya daraja letu hayamtafuti mwenye kasi, na hilo ndilo jambo la kwanza katika tamasha lile lililonifanya ninyamaze na kufikiri. Kila dereva huandika kwenye kioo cha mbele, kwa rangi nyeupe, muda anaodai gari yake itatumia kumaliza njia. Sisi tuliuita ahadi. Gari ya taratibu hutangulia kuondoka kwa tofauti ya ahadi hizo mbili, na ya kasi huifukuza. Wa kwanza kufika ndiye mshindi, isipokuwa amekwenda haraka kuliko ahadi yake, hapo ametolewa. Ukiondoka kabla ya taa ya kijani, umetolewa vilevile. Kwa maneno mengine, gari kongwe la kuku linaweza kulishinda dude la nguvu za farasi mia tano, ilimradi dereva wake anajua atakachofanya na anakifanya hicho hicho, hapunguzi wala hazidishi.

Jumamosi ilikuwa ya mazoezi. Walimpa shangazi helmeti, wakamwambia ushungi usining'inie, naye akauchomeka ndani ya jaketi na kufunga zipu hadi kidevuni. Fundi alisimama dirishani akimpa maelekezo.

"Sikiliza injini, Bi Mkubwa. Ikianza kulia, ndiyo unabadilisha gia. Sikio, sikio."

Alirudi na sekunde 19.90. Mara ya pili 19.50. Fundi alifurahi lakini nilimuona shangazi hakufurahi. Alishuka, akavua helmeti, akasema kwamba gari la jirani lilikuwa likinguruma kiasi kwamba hakuisikia injini yake mwenyewe hata kidogo.

"Basi tazama mshale wa dashibodi."

"Nikitazama mshale sitazami njia."

Alikaa kwenye kiti cha pikapu, injini imezimwa, mlango wazi, karibu nusu saa. Nilimpelekea chai nikamkuta anakanyaga klachi, anasogeza gia, anaachia, midomo ikicheza. Nilidhani anasoma dua. Nilimuuliza.

"Nahesabu," akasema. "Nne, gia ya pili. Tisa, ya tatu. Kumi na nne, ya nne. Weye unadhani mapigo ya moyo nilikuwa nayahesabu vipi kwenye nyumba ambayo televisheni inapiga kelele na watoto wanagombana? Saa ilikuwa imebanwa kifuani, lakini baada ya miaka mitano huitazami tena. Sekunde inakaa humu." Akajigusa ubavuni, chini ya mbavu, mahali nisipopatarajia.

Nilitoa simu, nikaifungua saa yake, nikamwambia ahesabu thelathini bila kutazama. Alisema "thelathini" simu ikionyesha thelathini na sehemu mbili za kumi. Nilimrudisha mara nne. Alivumilia mara tatu, ya nne akaniambia chai inapoa. Nilirudi kwenye hema nikiwa na hisia ambayo mtu wa takwimu huipata mara chache: nilikuwa nimeona chombo kilichopimwa sawasawa.

Mbio tatu za jioni zilitoka 19.42, 19.40, 19.41. Fundi alizisoma kwenye karatasi, akazisoma tena, akanipa mimi nizisome. Yeye mwenyewe, alipoijaribu pikapu uwanja mwingine majira ya kuchipua, alikuwa amepata kila namba kati ya kumi na nane na ishirini.

"Mimi nina kasi," alisema.

"Wewe una papara," shangazi akamwambia. "Njoo ule."

Jumapili tulikuwa magari kumi na sita katika daraja letu, kwa hiyo mbio nne za kushinda. Shangazi aliandika 19.40 kwenye kioo kwa mwandiko wa muuguzi, tarakimu kubwa zilizosimama wima. Mpinzani wa kwanza, kijana wa Essex mwenye gari ya zambarau, hakuvumilia kuiona pikapu ikienda zake huku yeye amesimama. Akaondoka kabla ya taa. Wa pili alichelewa kubadilisha gia. Wa tatu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye gari dogo la Kiingereza, dereva mzuri kuliko wote niliowaona siku ile, na shangazi alimpita kwa urefu wa kiganja. Baada ya mbio hiyo walishuka wote wawili wakakumbatiana na helmeti vichwani, zikagongana.

Binamu alikuwa amesimama kwenye uzio tangu asubuhi na daftari dogo. Nilichungulia. Alikuwa ameandika muda wa kuitikia taa wa kila mbio. Wa mama yake ulikuwa mrefu, kama nusu sekunde, lakini ulikuwa ule ule kila mara.

"Anachelewa," aliniambia.

"Anachelewa kwa kiasi kimoja. Ameshakihesabu."

"Hilo si kawaida."

"Sikusema ni kawaida."

Aliandika tarakimu, akaikata, akaiandika tena, na ndipo nilipoelewa kwamba tangu mwezi wa pili hakuwa akipigania ufunguo. Alikuwa na hofu, basi, na mimi nilikuwa nimemsaidia kuivalisha hofu hiyo suti na tai.

Kabla ya fainali upepo uligeuka. Bendera za uzio, ambazo asubuhi zilitutazama, sasa zilielekea mwisho wa njia. Nilikuwa wa kwanza kuona maana yake na niliogopa. Upepo ukiisukuma pikapu kutoka nyuma itakwenda haraka kuliko ahadi, na kwenda haraka kuliko ahadi ni kosa, limeandikwa, na wanaoandika ni wao. Fundi alisema abadilishe ahadi iwe 19.30. Mimi nilifanya hesabu kwenye simu, nikapata 19.25, nikaongeza kwamba sina hakika.

Shangazi aliwatazama watu waliokaa kwenye viti vya kukunja, mwanamke mmoja akijitahidi kushika kofia yake. "Nilipanda ule mlima wa Plumstead na baiskeli mwaka mzima kabla sijapewa gari," akasema. "Upepo wa mgongoni naujua." Akaufuta muda wa zamani kwa kitambaa na kuandika 19.20.

"Bi Mkubwa, umepunguza mno," fundi akasema kwa sauti ndogo. Akiikosa kwa upande wa pili, akienda taratibu kuliko alichoandika, angempa mpinzani mwanya.

"Afadhali nishindwe kwa kuchelewa. Kushindwa si kosa. Si ndivyo tulivyokubaliana?" Alimtazama mwanawe. Binamu akaitikia kwa kichwa.

Mpinzani wa mwisho alikuwa na gari la Kimarekani jeusi, pana kama kitanda cha watu wanne, ahadi yake 12.10. Lilipowashwa nilihisi nyasi zikitetemeka chini ya viatu vyangu. Taa ya pikapu ikawa kijani. Nusu sekunde ile ile ikapita, na pikapu ikaondoka.

Sijui kama nitaweza kueleza jinsi inavyoonekana: kigari cha rangi ya maziwa peke yake kwenye njia pana, kikienda zake kama kinapeleka mboga sokoni, na dude jeusi limesimama nyuma yake linanguruma, halijaruhusiwa. Nilihesabu. Nne, nikaona pua ya pikapu ikiinama kidogo na kuinuka. Baada ya sita na kitu dude likaachiliwa, na kelele ilinifikia kifuani kabla ya masikioni. Tisa, pua ikainama. Kumi na nne, ikainama tena. Fundi alikuwa amejifunika uso kwa kofia yake. Lile jeusi lilikuwa likiumeza umbali kana kwamba mtu anakunja mkeka, na kwenye mita za mwisho likapita. Lilipita kwa urefu wa boneti. Kila mtu aliliona.

Watu wa upande wa pili waliruka. Nilimtazama binamu, alikuwa hatazami njia, alikuwa anatazama ubao wa taa.

Ubao ulionyesha upande wa mpinzani kwanza: 12.07. Ilinichukua muda kuisoma. Alikuwa ameahidi 12.10. Aliiona pikapu mbele yake, mbali kuliko alivyotaka, akakanyaga zaidi. Kisha upande wetu: 19.21. Taa ya mshindi ikawaka juu yetu.

Fundi alipiga magoti kwenye nyasi na kusujudu, halafu akasimama na kunikaba kwa furaha mpaka miwani yangu ikaanguka. Watoto wa klabu, ambao siku zote hujibu kwa Kiingereza, walikimbia kando ya uzio wakiita "Bi Mkubwa, Bi Mkubwa," na baada ya dakika moja watu tusiowajua nao walikuwa wakiita hivyo, kwa lafudhi zao, bila kujua maana yake. Mwenye gari jeusi, mwanamume mkubwa mwenye michoro shingoni, alimfungulia shangazi mlango akaomba kumpa mkono. Mtangazaji alimsogezea kipaza sauti na kumuuliza siri yake. Alisema alikuwa muuguzi. Kisha akakisukuma kipaza sauti kando.

Binamu alimfikia wa mwisho. Nilitarajia hotuba, au mzaha wa kujitetea. Alimsaidia kufungua mkanda wa helmeti.

"Sitakutajia tena," akasema, kwa Kiswahili.

"Nikiona mwenyewe siwezi, nitakwambia."

"Utaniambia kweli?"

"Hebu uliza, uone." Kisha akanigeukia mimi. "Na weye uliza. Usiandike kwanza. Uliza."

Nilisema sawa. Nina shahada, na sikumbuki mtu yeyote chuoni aliyewahi kunisahihisha njia yangu ya utafiti kwa maneno machache kiasi hicho.

Tulifungasha jua likiwa bado juu. Binamu alikuwa amekuja na pikapu, lakini sasa pikapu ilijaa hema, masufuria na watoto wawili waliogoma kushuka, kwa hiyo akaja kwenye kigari chekundu na begi lake begani. Akashika mlango wa mbele.

"Nyuma," shangazi akamwambia. "Mbele kuna kikombe."

Kweli kilikuwepo, kikubwa, cha shaba, kimefungwa mkanda. Binamu ni mtu wa futi sita. Alijikunja akaingia nyuma pamoja nami, magoti yakigusa kidevu, na tukatoka kwenye lango huku watu wa fulana za njano wakitupungia. Barabara kuu ilikuwa ikifanyiwa matengenezo, magari yamefuatana, mwisho wa mwendo ni hamsini.

Nilimuona akivumilia. Alivumilia maili nzima, labda na nusu.

"Mama," akasema hatimaye. "Hapa ni hamsini. Nauliza tu."

"Niko arobaini na nane," akajibu, bila kuutazama mshale.

Binamu akainama katikati ya viti, akauangalia mwenyewe: arobaini na nane. Akarudi nyuma, akaegemea dirisha, akafumba macho.